Mazungumzo na vijana wetu wanaochora, wanaoimba na wanaoigiza

(Maneno haya yalisemwa na mama mmoja mwanachama, mchoraji wa vibao, katika mkutano wetu wa Baraka. Tumeyaacha karibu jinsi yalivyosemwa.)



Kamati imeniomba niseme juu ya kutokata tamaa. Wameniambia, wewe mama unachora vibao tangu tuliporudi, vijana wanakusikia, uwape maneno ya kuwatia moyo. Nimekubali. Lakini nawaambia mapema, sitawatia moyo kama tunavyotiwa moyo kwenye semina, na biskuti na chupa ya maji. Semina mumeisha kusikia nyingi. Ota ndoto kubwa, jiamini, kesho ni yako. Unatoka pale umejiamini kabisa, unafika nyumbani unakuta unga umekwisha.

Wote munajua juu ya nini nimeitwa. Mwaka huu vijana watatu wa kundi la maigizo wameacha. Mmoja amevuka ziwa amerudi upande wa Kigoma, hatujui anakaa wapi. Mwingine amekwenda kwenye dhahabu. Wa tatu yuko hapa hapa Baraka, anapita njia nyingine ili asikutane na wenzake. Na yule kijana wetu anayechora sura za watu vizuri kunipita mimi, ameuza brashi zake. Nimezinunua mimi, niko nazo nyumbani. Na leo mchana kutakuwa kura: kase yetu ya mshikamano ikopeshe vijana wa sanaa kama inavyokopesha wachuuzi wa ndagala na wakulima wa muhogo, au hapana? Kwa hiyo maneno yangu si ya vijana peke yao. Wazee, ninyi pia mukae tayari.

Nitaanza mbali, Kinshasa, halafu nitarudi kwetu.

Mwaka 1994, pale Kinshasa, mtu mmoja anayeitwa Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu, alianzisha okestra. Siyo okestra ya rumba. Okestra ile ya violini, ya filimbi, ya muziki wa Beethoven. Huyu bwana alikuwa rubani wa ndege, kazi ikapotea. Hakusoma muziki kwenye shule yoyote kubwa, alijifundisha mwenyewe. Akaita watu wa kanisa lake, watu wa kawaida tu, wengi hawajawahi kushika violini hata siku moja. Na mukumbuke mwaka wenyewe. Ni Zaire ile ya mwisho, mji ulikuwa umeporwa na askari mara mbili, 1991 na 1993, pesa inapoteza thamani ukiwa bado unaihesabu. Kama kuna wakati wa kumwambia mtu «ngoja kwanza hali itengemae», ulikuwa ule.

Sasa sikilizeni walivyofanya, juu hapo ndipo pana faida kwetu. Violini zilikuwa chache, watu wengi. Wakapokezana. Wewe unapiga kidogo, unampa mwenzako, unakaa pembeni unasikiliza, zamu yako inarudi. Uzi wa violini ukikatika, Kinshasa hakuna duka la kukuuzia mwingine. Wakachukua waya wa breki ya baiskeli, wakautenganisha, wakafunga. Mmoja wao alifungua ala kubwa ya besi ili aone ndani ikoje, akajifunza mwenyewe kutengeneza nyingine kwa mbao. Mwingine ni fundi wa umeme na tena ni kinyozi, na ndani ya okestra ni mpigaji. Umeme ukikatika katikati ya mazoezi, anaweka ala chini anakwenda kutafuta waya. Wengine hawasimami, wanaendelea kupiga gizani, kwa sababu wimbo wameisha kuushika kichwani.

Kuna filamu inaonyesha mambo haya, ilitoka mwaka 2010. Mule ndani wanajifunza kuimba Kijerumani, neno kwa neno, na Kijerumani hawakijui. Miaka 16 ilikuwa imepita tangu waanze. Mwaka 2014 wakaenda kupiga Uingereza. Niko naona macho ya vijana yameamka kwa hili la Uingereza! Kwangu mimi Uingereza siyo kitu. Fikirini miaka ile 16 kabla ya filamu. Kila jioni, baada ya kazi, baada ya soko, mtu anatembea kwa mguu kutoka mbali ili ashike violini ambayo si yake, kwa dakika chache, halafu anampa mwenzake. Nani alikuwa na tumaini pale? Siamini kwamba kila mmoja alikuwa nalo kila siku. Kuna siku uliyelala na njaa huna tumaini lolote. Lakini zamu yako imefika, na mwenzako anangoja umalize ili apige yeye. Basi unakwenda. Tumaini la siku ile unaliazima kwa mwenzako, keshokutwa naye ataliazima kwako. Si ndiyo likelemba yenyewe? Siye tunajua likelemba ya franka. Ile yao ilikuwa likelemba ya violini.

Vijana wangu wa maigizo, ninyi hamukushindwa kwa kukosa kipaji. Nimewatazama munafanya mazoezi. Munakutana kama kuna mwaliko. Mradi fulani ukiita, «tunataka mchezo juu ya kunawa mikono», munakutana siku 10 mfululizo, munapewa kitu kidogo, munafurahi. Mradi ukiisha, miezi mitano hakuna mkutano. Halafu munasema moyo umepoa. Moto usiotiwa kuni utaacha kupoa? Siwalaumu, mimi pia ninachora juu ya kunawa mikono, na ninalipwa, na ukuta ule uko pale karibu na soko kila mtu anauona. Ninasema tu kwamba saa ya mazoezi isiwe mikononi mwa mtu wa nje.

Sasa nije kwa wachoraji, hapo niko nyumbani kwangu.

Munajua zile picha za Lubumbashi? Wazee waliofanya kazi Katanga wanazijua, zilikuwa ndani ya salon za wafanyakazi miaka ya sabini. Mamba muntu, yule mwanamke nusu samaki mwenye saa na nywele ndefu. Na ile nyingine waliyoiita Colonie belge: mfungwa amelazwa chini, askari anamchapa kiboko, mzungu anaangalia. Wachoraji walizichora juu ya magunia ya unga, wakayavuta juu ya mbao, wakapita nyumba kwa nyumba kuuza. Mmoja wao ni Tshibumba Kanda Matulu, mzaliwa wa mji ule ule, 1947. Alikuwa anauza picha za aina hizo kama wenzake, juu mtoto anataka kula. Lakini ndani ya moyo alikuwa na kazi nyingine. Alitaka kuchora historia yote ya nchi yetu, tangu wazee wa zamani, Wabelgiji, Lumumba, mpaka Mobutu, na hata mbele ya hapo, kama yeye anavyoona nchi itakavyokuwa. Hakujiita mchoraji tu, alijiona ni mwanahistoria.

Mwaka 1973 na 1974 alikutana na mwalimu mmoja Mjerumani wa chuo kikuu cha Lubumbashi, Johannes Fabian. Tshibumba akamchorea ile historia, karibu picha 100, na kwa kila picha wakakaa wakazungumza, Tshibumba anaieleza, mwalimu anarekodi. Kwa lugha gani? Kwa Kiswahili. Kiswahili chetu hiki, cha Lubumbashi. Mazungumzo yale leo yamo ndani ya kitabu, yanasomwa kwenye vyuo vikuu, na picha ziko Amsterdam.

Hapa nasimama kidogo. Kwa nini nimetaja mamba muntu? Kwa sababu vijana wengi wanaona haya kufanya kazi inayolipa. Yule kijana wetu wa sura za watu, watu walimwomba achore kibao cha kinyozi, akakataa. Akasema yeye ni msanii, hachori vinyozi. Nikamwambia, kijana, mimi nimechora vinyozi mpaka nimejua kila aina ya denge. Kibao cha kinyozi kimoja kinaweka unga ndani ya nyumba yangu karibu wiki mbili. Na rangi inayobaki chini ya mkebe ni yangu. Ile ndiyo ninachorea ziwa, na meli, na mama zetu walivyoshuka na magodoro kichwani. Hakuna aliyeniagiza picha hizo. Zinakaa ukutani kwangu, tatu nimeuza, na moja iko nyumbani kwa padri. Mamba muntu alimlisha Tshibumba na historia ikapata kuchorwa. Kama angekataa kumchora mamba muntu ili alinde heshima yake, ile rangi ya historia ingetoka wapi?

Lakini sitawaficha mwisho wake, juu sipendi hadithi zinazokatwa pale zinapokuwa tamu. Tangu mwanzo wa miaka ya themanini Tshibumba hakuonekana tena. Waliomtafuta hawakumpata. Picha zake zinasafiri dunia, na yeye hakuna anayejua amelala wapi. Kwa hiyo atakayekuambia kwamba ukivumilia lazima utafika, anakudanganya. Unaweza kuvumilia na usifike. Mimi nimechora miaka yote hii na bado ninapanga nyumba. Ofisi moja hapa mjini, sitaitaja, ilinipa kazi ya kibao kikubwa cha mita tatu, ikanilipa baada ya miezi saba, na kwa mafungu. Siku zile sikuwa na tumaini hata la kujaza kijiko. Nilichora kwa hasira. Na hasira pia inachora, nawaambia, mistari yake ni mizuri, imenyooka!

Wengine munasema, hapa kwetu hakuna kitu cha kutuvuta. Hakuna studio, hakuna ukumbi, umeme ni wa jua na betri imechoka. Ni kweli. Lakini angalieni mulichorudi nacho. Siye tulikaa Lugufu na Nyarugusu. Wengine humu mumezaliwa kule. Mwaka 2005 meli zilipoanza kutuleta kutoka Kigoma mpaka hapa Baraka, kila mtu alihesabiwa mizigo yake: sufuria, shitingi, blanketi, jembe. Hakuna aliyeandika kwenye karatasi yale mengine. Kwaya ambazo zilijifunza kuimba kwa sauti nne chini ya shitingi. Watoto waliosoma hadithi, wakajua kuandika barua na mashairi. Ushonaji wa vitambaa vya meza. Vichekesho vya foleni ya maharage, ambavyo mimi peke yangu ninavijua zaidi ya 20, na vingi siwezi kuvisema mbele ya wazee.

Halafu tumefika nyumbani, na wenye kubaki wanatucheka. Ukisema «nitakuja kesho», wanakuita Mtanzania. Kule tulikuwa Wakongomani, huku tumekuwa Watanzania! Nimeona vijana wetu wakianza kuficha ule usemi, hata ndani ya mchezo wa kuigiza. Musiufiche. Remmy Ongala alizaliwa Kindu, Maniema, mwaka 1947. Aliingia Tanzania mwaka 1978 akiwa mpiga gitaa kama wengine wengi kutoka kwetu, akafia Dar es Salaam mwaka 2010. Katikati hapo aliimba kwa Kiswahili juu ya maskini, juu ya kifo, juu ya mtu asiye na kitu, mpaka Watanzania wakampa jina la Dokta. Alibeba gitaa la kwetu akalipa maneno ya kule. Na ninyi muko na vyote viwili pia, wala hamukulipia. Yule mzee wa kuchekesha katika mchezo wenu wa mwisho, anayeanza sentensi kwa Kibembe, anaimaliza kwa Kiswahili cha Kasulu, katikati ametia Kifaransa cha ofisi ya groupement, watu walilia kwa kicheko. Nani mwingine angeweza kuandika mtu yule isipokuwa aliyerudi?

Neno moja kwa wafadhili wetu, maana najua gazeti hili linawafikia. Tunawashukuru kwa mashini za kushonea na kwa mbuzi. Mbuzi wamezaa. Tunaomba tu kwamba munapouliza «sanaa itasaidia nini?», musitake jibu la miezi sita. Okestra ile ya Kinshasa, kama ingekuwa mradi wa miezi sita, ripoti yake ingeandikwa: walengwa walijifunza kushika violini, changamoto ni violini kuwa chache. Na ingefungwa. Na tena, mukitaka kusaidia, musiwaagize vijana mchezo tu. Wapeni na shitingi nzuri ya kufunika mahali pa mazoezi, kisha waacheni wachague wenyewe cha kuigiza.

Sasa wazee, na kura yenu.

Ninajua wasiwasi. Mkopo wa ndagala unaonekana: unanunua ndagala, unaanika, unauza, unarudisha. Mkopo wa mchoraji unakwenda wapi? Nawaonyesha. Mikebe minne ya rangi, nyeusi, nyeupe, nyekundu, bluu, maana kwa hizo na manjano kidogo unaweza kupata karibu kila rangi. Brashi tatu. Mbao hununui, mwenye duka analeta mwenyewe. Mikebe hiyo inatoa vibao vingi kabla haijaisha, na mwenye duka analipa nusu kabla ya kazi. Mimi siku hizi sishiki brashi bila nusu, mukimuuliza yule wa ofisi atawaambia. Ndagala zinaoza mvua ikinyesha siku tatu. Rangi haiozi. Wa maigizo ni vigumu zaidi, hilo sitabisha. Watu hawajazoea kulipa ili wacheke. Kwa hao ninapendekeza mkopo mdogo, wa kundi zima, siyo wa mtu mmoja, na masharti yake yawe kwamba wanaonyesha mchezo hapa chini ya mwembe mara moja kwa mwezi, mwaliko usiwepo au uwepo, na kapu linapita. Kapu likileta kidogo, tutaona. Wasipoonyesha, kase inadai kama inavyodai wote. Sitaki wapendelewe, nataka wahesabiwe kuwa wafanyakazi.

Na kama kura itakataa? Inaweza kukataa, ninyi ni watu huru. Vijana, musikilize basi: kura ikikataa mazoezi yanaendelea vilevile.

Nimezungumza na mama mwenye parseli hii. Amekubali tutumie kivuli kila Jumamosi, saa nane mpaka saa kumi. Wa maigizo upande wa mwembe, wachoraji upande wa ukuta. Hakuna nauli, hakuna soda. Mabrashi yale niliyonunua nitakuja nayo, hayatoki hapa, tutapokezana, kila mtu kwa zamu, na mwenye nayo zamani atapewa zamu ya kwanza. Mwambieni, kama munamjua anapopita. Kila mmoja alete gunia. Haya ya siku hizi ni ya plastiki, rangi inabanduka, kwa hiyo mulioshe vizuri mulikaushe, tutalipaka kwanza gundi na chokaa, nitawaonyesha. Kama mama yako hana gunia tupu, usilimwage la muhogo, njoo tu, mimi niko na mawili.